Uzio Usiopitisha Jicho

Wapendwa, wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo, maana mvua inapiga bati na sauti yangu leo haina nguvu. Neno tumelisoma. Sasa kabla hatujalifunga pamoja na vitabu vyetu, nataka niwaeleze habari za mwanamke mmoja. Msihangaike kumtafuta mtaani kwetu, hayupo, nimemtunga. Lakini ikitokea ukaona anafanana na mtu, usigeuke kumtazama mwenzako wa benchi.

Mwanamke huyu alikuwa mwalimu mstaafu, akiishi kule nyanda za juu kwenye baridi, katika mji ambao watu wake wanaishi kwa mbao. Huko mashine za kupasua magogo zinaanza kulia watu hawajanywa chai, na harufu ya miti ya misindano iliyopasuliwa inaingia mpaka kwenye mablanketi. Nyumba nyingi za huko hazizungushiwi tofali. Zinazungushiwa uzio wa mabanzi, zile pande za nje za gogo, zenye magamba, zinazobaki mbao nzuri zikishaondolewa. Mume wake alikuwa ameshalala katika Bwana. Watoto walikuwa mijini na kazi zao, wakimpigia simu Jumapili mchana. Mji mzima ulimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha, na sisi tumwite hivyo hivyo.

Nyuma ya kiwanja cha Mwalimu kulikuwa na kiwanja cha Mama Vestina. Viwanja vyao vilipeana mgongo. Lango la Mwalimu lilitazama barabara ya juu, la Mama Vestina lilitazama barabara ya chini, na katikati yao ulisimama uzio wa mabanzi ambao mume wa Mwalimu aliujenga zamani, uzio mfupi, wa kumfika mtu kifuani.

Uzio ule ulitenganisha kuku tu. Wanawake wale haukuwatenganisha. Asubuhi, Mwalimu akitoka kumwaga majivu, alisikia kutoka ng'ambo, "Kamwene, Mwalimu," ile salamu ya huko, naye akaitikia, na hapo kazi zote zikasimama. Waliegemea mabanzi, kila mtu kwa upande wake, wakazungumza mpaka chai ikapoa ndani. Chumvi ilipita juu ya uzio. Mbegu za viazi zilipita juu ya uzio. Vestina mwenyewe, alipokuwa mdogo, alipitishwa juu ya uzio kama kifurushi, akashushwa jikoni kwa Mwalimu, na humo ndimo alimojifunza kusoma, akifuata herufi kwa kidole chenye masizi. Mwalimu alizoea kusema kwamba mtoto yule wamemlea kwa zamu.

Vestina akakua, akasoma, akapata mchumba. Wakwe walikuwa watu wa mjini, watu wenye magari. Ikapangwa sherehe ya kumuaga binti, sendofu kama tunavyoiita, na tangu siku ya kwanza ya vikao Mwalimu alikabidhiwa chakula. Nani mwingine? Aliazima masufuria makubwa, akayasugua kwa majivu mpaka yakawa yanaonyesha uso wa mtu. Siku ilipofika aliyapanga kwenye toroli, akajifunga kanga kiunoni, akalisukuma toroli mwenyewe kwa barabara, kushuka na kupanda, mpaka kwa Mama Vestina.

Akakuta maturubai meupe. Chini ya maturubai akakuta wapishi wa kukodi, wamevaa kofia nyeupe, na vyombo vyao vinang'aa na moto mdogo chini yake. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia lolote. Binti mmoja mwenye kofia akamsogelea, akamwamkia kwa heshima, akamwuliza kama hayo masufuria ni ya kuoshea vyombo.

Mwalimu aligeuza toroli akarudi kwake. Jioni ile alisikia muziki akiwa kitandani, akasikia jina la Vestina likitajwa kwenye kipaza sauti, na watu wakipiga vigelegele.

Asubuhi Mama Vestina alikuja kwenye uzio. Mwalimu alimsikia. Alikuwa ameketi jikoni, mlango umeegeshwa, akasikia jina lake likiitwa, likaitwa tena, kwa ile sauti ya chini ya mtu anayejua kwamba amekosa. Hakujibu. Alijiambia, na aje mpaka mlangoni kwangu kama ana la kusema. Kesho yake sauti ikaita tena. Halafu ikanyamaza, na kimya kile kikawa miaka. Mwalimu akipita karibu na uzio aliinamisha macho, asitazame ng'ambo.

Tuelewane hapa, wapendwa. Mwalimu hakumchukia jirani yake. Angemchukia ingekuwa nafuu, angelala usingizi. Alimkosa. Alimkosa mtu ambaye alikuwa anaweza kumsikia akikohoa. Alijua ndoo yake inavyolia ikiwekwa chini. Alijua kwa harufu siku ambazo anakaanga vitunguu na siku ambazo ameshindia viazi vya kuchemsha. Mama Vestina alikuwa na wimbo wa tenzi aliouimba akifua, na ubeti wa pili aliukosea kila mara, miaka nenda miaka rudi. Mwalimu, ng'ambo ya mabanzi, alikuwa akisimama na kisu na kiazi mkononi, akausubiri ubeti ule, na ukikosewa aliurekebisha kimoyomoyo, akatabasamu peke yake. Akisikia jambo la kuchekesha sokoni, njiani alikuwa akilipanga namna atakavyolisimulia, wapi atatua, wapi atamwiga fulani, na akifika nyumbani anakumbuka kwamba hakuna wa kumsimulia. Basi anajisimulia mwenyewe, jikoni, kwa sauti ndogo.

Na usiku alisali. Alikuwa mtu wa sala. Alisema, "Bwana, mlete Mama Vestina." Hivyo tu. Mlete.

Sasa uzio wenyewe ulikuwa umechoka. Mchwa walikuwa wamekula miguu ya nguzo, mabanzi yamelegea, misumari imebaki inaning'inia. Mwalimu aliuegemezea miti. Masika yakaja na upepo wake, na asubuhi moja kipande cha katikati kikalala chini chote. Kwa mara ya kwanza palikuwa na uwazi. Mtu angeweza kuvuka akiwa na sinia la chai mkononi bila kulimwaga.

Mnadhani alifanya nini? Kabla ya saa ya chai alikuwa ameshatundika turubai kuukuu pale palipoanguka. Hakutaka aonekane anachungulia. Alitaka sana kuonekana, lakini hakutaka ionekane kwamba anataka.

Akaanza kutafuta fundi.

Na mwalimu akitafuta kitu mnamjua. Aliuliza kanisani, akauliza sokoni, akauliza kwa muuza misumari. Fundi wa kwanza kuja alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kazi zinazoonekana mjini. Alizunguka uzio, akagonga nguzo, akasema mabaki yote yang'olewe. Atachimba mashimo ya kina, atapaka nguzo oili chafu kuzuia mchwa, atazisimamisha, kisha ataacha udongo ushikamane kabla hajapigilia mbao. Itachukua muda, na muda wote huo mpaka utakuwa wazi. Halafu akasema, "Na itabidi niingie na upande wa pili. Utaniombea kwa jirani yako, Mwalimu."

Mwalimu akasema atafikiria. Hakumpigia tena.

Wa pili alikuwa mama kijana mwenye kikosi chake cha maseremala, na picha za kazi zake kwenye simu. Akamwonyesha uzio wa mbao zilizopigiliwa kwa kuachiana nafasi, nafasi ya vidole tu. Katika picha jua lilikuwa linapita katikati ya mbao, likichora mistari kwenye nyasi za upande wa pili, na mbali kidogo kulikuwa na kamba ya nguo za watu wengine, na mtu amesimama anaanika. Mwalimu aliishika ile simu muda mrefu. Yule mama akaeleza kwamba uzio wa namna ile upepo unapita, hauangushwi ovyo, na majirani wanaendelea kuonana na kusalimiana. Mwalimu akamrudishia simu yake.

"Nataka usiopitisha jicho," akasema.

Wa tatu akaja. Mtu wa makamo, mchapakazi, asiye na maneno. Aliambiwa: uzio wa mbao zilizobanana, mrefu kupita kichwa cha mtu, uishe haraka. Akapima. Akasema anaweza kupigilia akiwa upande mmoja tu, hakuna haja ya kumsumbua jirani. Nguzo za miti ya milingoti anazo tayari, zimeshakauka na kupakwa dawa. Wa zamani utang'olewa na mpya kusimama ndani ya siku chache.

"Mimi sina maswali mengi, Mwalimu," akasema. "Utakachosema ndicho utakachopata."

Mwalimu hakumkubali hivi hivi. Alikwenda mwenyewe kuitazama kazi yake kwenye nyumba mbili tatu. Aliugonga uzio kwa ngumi, akausukuma kwa bega, akamwuliza mwenye nyumba kama ulitikisika wakati wa mvua, akauliza kama fundi anakuja siku anayosema, kama anaacha uchafu. Sisi fundi tunamkagua kuliko tunavyomkagua mkwe. Akaridhika, akampa kazi. Na niwaambie ukweli, alichagua vizuri. Fundi yule hakumdanganya kwa neno hata moja. Nani kati yetu angemlaumu?

Siku ya kazi ikafika. Mafundi waling'oa mabanzi asubuhi, na mengi hayakuhitaji nyundo, yalivunjika mkononi. Mwalimu alisimama mlangoni pa jikoni akatazama, na kadiri uzio ulivyopungua, upande wa pili ulizidi kutokea, kama mtu anayefunuliwa shuka. Bustani ya mboga ilikuwa imejaa magugu. Kizimba cha kuku hakikuwa na kuku. Nyumba ilikuwa ile ile, ila rangi imechujuka. Mwalimu alishangaa jinsi palivyokuwa karibu. Miaka yote ile alikuwa ameona kama ni mbali.

Halafu Mama Vestina akatoka.

Alikuwa amepungua. Alivaa sweta kubwa la kiume, na alikuja pole pole akiegemea mpini wa jembe usio na jembe. Akafika mpaka kwenye mashimo ya nguzo, akasimama, akatazama upande wa Mwalimu. Hapakuwa na kitu katikati yao. Palikuwa na udongo mwekundu na mashimo tu.

Mwalimu akashika mwimo wa mlango. Akasema moyoni, amekuja. Akajitazama. Alikuwa na kanga ya jikoni, imeungua pembeni, na mikono ina maganda ya viazi. Hapana, si hivi, baada ya miaka yote hii, si hivi. Akaingia ndani haraka. Akanawa. Akafungua sanduku, akatoa kanga, akairudisha, akatoa nyingine. Na mikono ikifanya hayo, kinywa kilikuwa kinatafuta neno. Aanze na salamu? Aanze na lile la maturubai? Au asiseme, amwache mwenzake aanze, maana ndiye aliyekosa? Alijaribu sentensi moja mbele ya kioo, akaiona ina kiburi. Akajaribu nyingine, akaiona inajidhalilisha.

Alipotoka, nguzo za kwanza zilikuwa zimesimama, na upande wa pili hapakuwa na mtu.

Angeweza kuvuka. Mafundi walikuwa wanakula, mashimo yalikuwa wazi. Alikwenda mpaka kwenye mpaka na kanga yake nzuri, akasimama. Mlango wa Mama Vestina ulikuwa umerudishwa. Mwalimu alingoja, na akingoja alijiambia kwamba mwenzake amemwona akiingia ndani, kwa hiyo amechukulia kwamba amekimbiwa, kwa hiyo hatatoka tena, kwa hiyo hakuna maana. Mafundi wakamaliza kula, wakaendelea na kazi. Ubao mmoja ukapigiliwa, na mwingine, na mwingine. Alisimama pale akitazama ile nyumba ikikatwa vipande vipande na mbao mpya, mpaka ikabaki paa, halafu hata paa likapotea.

Kazi ikaisha siku ile ile aliyosema fundi. Ulikuwa uzio mzuri sana. Ulinyooka, mbao zimebanana hata wembe usingepita. Mwalimu aliukagua mwanzo mpaka mwisho, akausukuma kwa bega, haukutikisika.

Fundi alikuwa anafunga vifaa vyake. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa zana akatoa bawaba mbili, mpya, bado zina mafuta ya dukani, pamoja na komeo dogo.

"Hizi sijui nizifanyeje," akasema. "Aliniachia yule mama wa upande wa pili, ile siku tunang'oa. Alikuja kuuliza kama tunaweza kumwekea kilango kidogo hapo katikati. Bawaba alishanunua. Nikamwambia mwenye kazi ameagiza uzibwe wote."

Mwalimu akamwuliza yule mama alisema nini.

"Akauliza, Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema hivyo? Nikasema ndiye. Akasema basi, kama amesema hivyo, mwacheni. Hizi akasema nitumie kwa kazi nyingine." Akazitua mkononi mwa Mwalimu. "Lakini nimeona si haki kuondoka nazo."

Kwa nini hukuniambia? Mwalimu alitaka kusema hivyo, lakini alimchagua fundi huyu kati ya wote kwa ajili ya hilo hilo, kwamba hana maswali mengi.

Wapendwa, hapo mwanamke yule alifanya jambo ambalo hakulifanya miaka yote ile. Hakubadilisha kanga. Hakufunga mlango. Alitoka langoni kwake na bawaba mkononi, akashika barabara ya juu, akateremka mpaka kwenye karavati panapopita maji, akapanda upande wa pili, akatokea barabara ya chini. Hata jasho halikumtoka. Lango la Mama Vestina lilikuwa wazi, limeegemezewa jiwe lisijifunge, na jiwe lenyewe lilikuwa limeota ukoka pembeni. Nani alikuwa amelifunga lango lile? Barabara ile, nani alikuwa ameizungushia uzio?

Mama Vestina alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda, anachambua maharage. Akainua macho. Hawakusalimiana.

"Umepita barabarani," Mama Vestina akasema.

"Nimepita barabarani."

"Mimi ule mlima umenishinda. Nyonga." Akaugusa mguu. "Nilijaribu mara mbili nije kwako. Mara zote mbili nilifika kwenye karavati nikarudi. Ndiyo maana nilipoona unatengeneza uzio nikasema labda kwa hapa nyuma nitaweza."

Mmesikia hapo? Yule aliyeomba kila usiku, mlete, mlete, sala yake ilikuwa imeshajibiwa mpaka kwenye karavati. Mtu alikuwa ameshaletwa. Alifika mwisho wa miguu yake, akageuka. Na mwenye miguu mizima alikuwa ameketi upande wa juu, anamenya viazi, analalamika moyoni kwamba hatafutwi.

Mwalimu akakaa chini, pale pale kwenye udongo, akaingiza mkono kwenye ungo akaanza kuchambua. Ni Mama Vestina aliyeanza. Akasema yale maturubai hayakuwa mawazo ya kamati, yalikuwa yake. Aliwaona wakwe na magari yao, akaingiwa na aibu, akaona masufuria ya mtaani yenye masizi yatamwaibisha binti. Na akaogopa kumwambia Mwalimu, siku zikapita, mpaka siku yenyewe ikafika. Hakutafuta kisingizio. Mwalimu akasema, "Na mimi nilikusikia uliponiita. Nilikuwa ndani." Mama Vestina akasema alijua. Aliuona moshi.

Wakachambua maharage yakaisha, wakayaweka jikoni, wakayala. Na wakati wanakula ndipo Mama Vestina alipomwambia lile lililobaki. Vestina anakuja kumchukua mwisho wa wiki. Hawezi tena kuishi peke yake na nyonga ile. Atahamia mjini kwa binti, nyumba watampangisha mtu. Kilango alikitaka kwa ajili hiyo. Alitaka aage kwa kuja mwenyewe.

Basi walikuwa na siku zile tu. Mwalimu alipita barabarani asubuhi, akapita tena jioni, akipanda na kushuka kama mwanafunzi. Walizungumza mpaka sauti zikakauka. Alimsimulia yale yote ya sokoni, ya miaka yote, na mengine yalikuwa hayachekeshi tena kwa kuwa watu wenyewe wameshakufa. Vestina alipofika na gari akawakuta wote wawili jikoni, akasimama langoni, akashindwa kuingia kwa kulia. Mwalimu ndiye aliyemshika Mama Vestina mkono mpaka kwenye gari, akampangia mto nyuma ya mgongo, akafunga mlango. Gari likaondoka kwa barabara ya chini, likakata kona kwenye mashine ya mbao, likapotea.

Wanapigiana simu. Mtandao ukiwa mzuri wanaongea sana. Lakini asubuhi Mwalimu akitoka kumwaga majivu anasimama karibu na ule uzio wake imara, anasikiliza. Upande wa pili wapo wapangaji, vijana wawili, wanaoondoka mapema. Hakuna anayekohoa, hakuna anayekosea ubeti. Uzio hautikisiki. Fundi alimwambia utadumu kuliko yeye, na inaonekana alisema kweli.

Sasa sisi.

Sisi tunaoimba hapa kila Jumapili tukipokezana sauti. Ni nani unayemkosa? Sisemi unayemchukia, wa kuchukiwa ni wachache na tunawasamehe kwa maneno upesi. Nasema unayemkosa. Ndugu yako wa tumbo moja, ambaye namba yake bado umeitunza na huipigi. Mwanao aliyeondoka kwa hasira nawe ukamwacha aende kwa hasira. Rafiki uliyesimamiana naye kwenye ndoa, leo mnapishana kwenye malango ya kanisa hili kama wageni. Tunawakosa mpaka tunaumwa. Tunawaombea. Na kila tunapopiga magoti tunasema neno moja, Bwana, mlete. Nani kati yetu ameshawahi kusema, Bwana, nipeleke?

Tunatamani kutafutwa, lakini tunajenga vitu virefu ili asitufikie mtu. Tena tunajengesha vizuri, kwa watu waaminifu. Anayetuambia, nenda ukazungumze na jirani yako, huyo tunasema tutafikiria. Anayetuonyesha kwamba mwanga unaweza kupita, tunamrudishia simu yake. Tunampa kazi yule asiyeuliza. Ndivyo tunavyochagua washauri, ndivyo tunavyochagua marafiki wa kutusikiliza, na wakati mwingine, Mungu atusamehe, ndivyo tunavyochagua hata mchungaji. Tunataka mtu atupe tulichokitaja. Kile ambacho moyo unakililia hatukitaji, halafu tunashangaa hatujakipata.

Na hujui nyonga ya mwenzako. Unamhesabia kwamba haji. Labda alishakuja, akafika kwenye karavati, akarudi. Labda aliyekosa ni yeye kweli, na deni la kuja ni lake, sibishani na wewe. Lakini miguu ni ya nani? Kama wewe ndiye bado unaweza kutembea, basi safari ni yako. Bwana wetu hakukosa lolote, na ndiye aliyetoka kwake akaja kwetu.

Leo nitawaomba jambo moja lisilo katika ratiba. Tukimaliza wimbo wa mwisho tutatoka nje kama kawaida, nami nitasimama pale mlangoni kuwapa mikono. Wewe unayejijua, usije kwangu. Pita. Wala usikae kungoja mnada wa sadaka, mahindi na kuku watapata wanunuzi. Toka na nguo hizo hizo ulizovaa, maneno utayapata ukishafika. Mvua naona imeanza kupungua. Mkono wangu utaupata Jumapili ijayo.